Kalamu ya mwanzi na maziwa ya nyati: siku zangu Srikalahasti

Kitambaa cha kwanza cha kalamkari nilichonunua hakikuwa kalamkari. Nilikinunua Chennai, kwenye duka la mtaani karibu na nyumba tuliyopanga, mwezi wa pili tangu nimpeleke mama India kutibiwa. Muuzaji alikikunjua mezani, akaniapia kwamba ni kalamkari ya kweli, kila mstari umechorwa kwa kalamu na kwa mkono, akataja rupia 1,800. Nikalipa. Nilitaka mama apate kitu kizuri cha kujifunika miguuni, maana wodini kiyoyozi kilikuwa hakizimwi usiku wala mchana.

Mama ndiye aliyegundua. Siku ile alikuwa haruhusiwi kuamka, hivyo alishinda akikitazama kile kitambaa kama mtu anavyosoma gazeti. Jioni nilipoingia na uji akaniambia, "Mwanangu, huyu tausi mdomo umekatika hapa kwenye ncha." Nikaangalia, kweli umekatika. "Na huyu wa huku pia. Na yule." Nikapima kwa shibiri. Kila baada ya shibiri tatu alirudi tausi yuleyule, mdomo uleule, mkato uleule. Mkono wa binadamu haukosei sawasawa namna hiyo. Ile ilikuwa kazi ya skrini, ile fremu ya wavu ya kuchapia picha, imechapwa kwa mita.

Mimi natengeneza batiki Mbagala, ndiyo kazi inayonilisha. Sina ugomvi na kitambaa cha kuchapwa. Kanga zote nilizobebewa mgongoni na nilizobebea wanangu ni za kuchapwa. Kilichoniuma ni kuuziwa jina. Kuna mtu mahali fulani ameinama wiki nzima juu ya kitambaa kimoja, halafu jina la kazi yake linabandikwa kwenye kitu kilichotoka mashineni kwa dakika. Usiku ule nilimwonyesha muuguzi wa zamu, mama mmoja mzaliwa wa upande wa Tirupati. Alicheka kwa huruma, akasema kama nataka cha kweli nisikitafute Chennai, niende Srikalahasti. Akanieleza na basi la kupanda.

Sikwenda mara moja. Mgonjwa humwachi. Lakini dada yangu alipokuja kunipokea zamu, na matibabu ya mama yakiwa yamefika mahali pa kusubiri tu, mama mwenyewe ndiye aliyenisukuma. "Nenda ukaone hao tausi wenye midomo mizima," alisema. Nikakata tiketi.

Neno lenyewe nusu yake nililijua kabla ya kufika. Kalamkari ni neno la Kiajemi: kalamu, ile ile kalamu yetu, na kari, yaani kazi. Kazi ya kalamu. Huko Andhra Pradesh, jimbo la kusini mwa India, kuna miji miwili inayojulikana kwa jina hili. Machilipatnam, pwani, pamoja na mji jirani wa Pedana, wao hupiga mihuri ya mbao iliyochongwa, na ni kazi nzuri ya mikono kwa haki yake. Srikalahasti, ndani zaidi, jirani na Tirupati, wanachora kwa kalamu tupu. Hakuna muhuri, hakuna fremu.

Srikalahasti ni mji wa hekalu. Jina lenyewe wanalieleza kwa kisa cha buibui, nyoka na tembo waliomwabudu mungu Shiva mahali hapo: sri ni buibui, kala ni nyoka, hasti ni tembo. Mahujaji wanamiminika mwaka mzima, na vitambaa vilizaliwa kwa ajili yao. Vilitundikwa hekaluni vikisimulia Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za kale za Wahindu, picha kwa safu, na chini ya safu maandishi ya Kitelugu yanayoeleza kisa. Nilipoona yale maandishi nilisimama. Sisi tunajua kitambaa kinachosema. Kanga bila jina lake chini haijakamilika, na hawa nao kitambaa chao kina maneno chini.

Nyumba niliyopokewa ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko. Mwenye nyumba ni mama wa makamo aliyejifunza kazi kwa baba mkwe wake. Watu walimwita Amma, mama, nami nikamwita hivyo. Nilishangaa naye aliponiita amma, mimi mdogo kwake, mpaka binti yake aliyekuwa akitutafsiria akaniambia kwamba huko hata mtoto wa kike wa miaka mitatu huitwa amma kwa upendo. Nikacheka, nikamweleza kwamba kwetu pia mzazi humwita bintiye mama. Wale wasichana wengine wanne waliokuwa wakifanya kazi pale waliniita akka, dada mkubwa. Baada ya siku mbili sikujiona mgeni tena.

Nilitarajia nikifika nipewe kalamu. Nilipewa ndoo.

Kitambaa ni marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa, na kabla hakijaguswa na rangi yoyote lazima kitolewe ule uwanga wa kiwandani. Tukakiloweka usiku kucha kwenye maji yaliyovurugwa kinyesi cha ng'ombe, asubuhi tukakifua, tukakianika juani, tukakinyunyizia maji kila kilipokaribia kukauka, tukakirudisha tena. Kinatoka cheupe cha upole, hakina ukali wa weupe wa dawa. Mimi nyumbani naweka dawa ya kupaushia na dakika ishirini nimemaliza, na vidole vyangu vinajua bei yake.

Kisha maziwa. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hii si kazi ninayoijua. Amma alitwanga tunda kavu la karakkaya, kokwa ngumu ya rangi ya udongo yenye mikunjo, akachanganya unga wake na maziwa mazito ya nyati wa kufugwa. Mchanganyiko una rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Kitambaa kinatumbukizwa humo, kinakandwa mpaka kila uzi unywe, kinakamuliwa kwa nguvu za watu wawili, kinaanikwa. Karakkaya ina ule ukakasi unaofunga ulimi, na ukakasi huo ndio utakaokamata rangi baadaye. Maziwa kazi yake ni mafuta: yanazuia rangi isitambae. Ukichora mstari kwenye pamba tupu, unavimba na kuota ndevu kama wino kwenye karatasi ya gazeti. Kwenye kitambaa chenye maziwa, unabaki pale ulipouweka.

Kitambaa hicho kinanuka. Nalisema hili kwa sababu baadaye ndicho kipimo nilichokuja kukitumia sokoni. Maziwa yaliyokaushwa juani yana harufu yake, chachu kidogo, na hata baada ya kufuliwa mara nyingi kitambaa kipya cha kweli hubaki na kivuli cha harufu hiyo.

Wino mweusi wanauita kasimi. Kwenye kona ya ua kulikuwa na chungu kilichofunikwa kwa kitambaa, ndani yake misumari ya kutu, vipande vya chuma chakavu, sukari guru na maji, vimekaa karibu wiki tatu vikichacha. Amma alifunua, akachovya kijiti, akanionyesha. Nilidhani kuna makosa. Maji yale hayakuwa meusi. Yalikuwa kama chai ya rangi iliyozidi maji, yenye povu pembeni na harufu tamu iliyooza.

Akachukua kipande kidogo cha kitambaa chenye karakkaya, akachora mstari mmoja. Ulipita wa kahawia hafifu. Nikainama. Mbele ya macho yangu, kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu, mstari ukawa wa kijivu, kijivu kikakolea, ukawa mweusi ti. Halafu akachora mstari uleule kwenye kipande cha pamba tupu kisicho na karakkaya. Ukabaki wa kutu. Tukakisubiri mpaka chai ikaja tukanywa, ukawa bado wa kutu.

Weusi haukuwa chunguni. Nusu yake ilikuwa chunguni na nusu ilikuwa imelala kitambaani tangu juzi, kwenye ile ndoo niliyoidharau. Chuma kimekutana na ukakasi wa tunda, ndipo mweusi ukazaliwa. Ni kanuni ileile ya wino wa kuandikia wa zamani. Nimefanya kazi ya rangi miaka mingi nikiamini rangi ni kitu unachokileta wewe na kukimwaga juu ya kitambaa. Pale nilikaa chini.

Kalamu yenyewe nilijichongea. Ni kipande cha mwanzi kirefu kama kiganja na nusu, ncha imechongwa kali. Juu kidogo ya ncha unazungushia kipande cha blanketi la sufu mpaka kiwe donge kama ndimu ndogo, unalifunga kwa uzi wa pamba zunguko juu ya zunguko. Unachovya, sufu inakunywa wino, kisha unaposhika unalibinya donge kidogo kwa vidole ili wino ushuke nchani. Ya mistari ina ncha nyembamba. Ya kujazia rangi ina ncha butu. Mkono wa kushoto unashika kitambaa kikavu cha kunyonyea tone likizidi. Nilipobinya sana, likadondoka tone juu ya paja langu. Sketi ile ninayo mpaka leo na doa lake halijawahi kutoka.

Siku sita nilichora mistari tu. Mistari mirefu, duara, macho, vidole, majani ya mwembe, mabega ya Hanuman, yule mungu nyani. Mchoro wa awali unafanywa kwa mkaa wa vijiti vya mkwaju, nao unafutika kwa kupangusa. Kasimi haifutiki. Amma alinisogelea mara moja moja na kusema neno lake moja, nemmadiga, ambalo ni pole pole. Sikuhitaji kutafsiriwa baada ya mara ya pili.

Kitu kimoja kilitupa sote raha. Alinichorea lile umbo la tone lililopinda ncha, ambalo lipo kwenye kila pindo la kitambaa cha Kihindi, akanifundisha jina: mamidi, embe. Nikamwambia sisi tunalo kwenye kanga, na tunaliita korosho. Akakataa kabisa. Nikatoa kanga yangu ya safari, nikaitandika sakafuni. Wasichana wakaja wote, wakaipapasa, wakaligusa lile umbo, wakabishana kwa Kitelugu. Mwishowe binti wa Amma akaniambia, "Mama anasema ni embe, lakini kwa kuwa wewe ni mgeni, leo ni korosho." Tukachora korosho siku nzima.

Nyekundu ndiyo iliyonifunza kwa uchungu.

Kitambaa changu cha kwanza kamili kilikuwa kidogo, kama leso mbili, kasuku kwenye tawi na majani. Mistari myeusi nilikuwa nimemaliza na hata mimi nilipendezwa nayo. Hatua inayofuata ni shabu, ile ile shabu ya kutakasia maji, iliyoyeyushwa. Unaipaka kwa kalamu butu kila mahali panapotakiwa kuwa pekundu. Shabu haina rangi. Wengine huitia rangi kidogo ili mchoraji aone anapopita, lakini Amma hakututilia. Unapaka maji juu ya kitambaa, yanakauka, huoni kitu. Kisha unakiacha kipumzike siku nzima na zaidi, unakwenda kukisuuza kwenye maji yanayotembea ili shabu iliyozidi iondoke, ndipo unakichemsha kwenye chombo cha shaba pamoja na rangi ya mizizi. Zamani ilikuwa mizizi ya chay, mmea mdogo wa pwani ile. Sisi tulitumia manjishta, mizizi mingine yenye rangi nyekundu. Sufuria nzima ni nyekundu, lakini wekundu unashika kwa nguvu pale tu palipo na shabu.

Maji lazima yatembee. Ukisuuza kwenye beseni, shabu iliyoachia hapa inakwenda kutulia pale, na hutajua mpaka kichemke. Mto wao ni Swarnamukhi, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga kuliko maji. Tulikwenda kwenye mfereji wa shamba ambako pampu ilikuwa ikifanya kazi, tukasimama hadi magotini na vitambaa vimenyooka mbele yetu vikipepea majini.

Siku niliyopaka shabu, dada alikuwa amepiga simu asubuhi. Majibu ya vipimo vya mama yalikuwa yanatoka mchana. Nikawa napaka huku nikitazama simu. Nilikwenda haraka. Kasuku, majani, maua mawili, basi, nimemaliza. Nikaanika nikatoka nje kusubiri. Majibu yalitoka saa kumi: si mabaya, si mazuri, waendelee, waone. Dada alisoma yale maneno ya daktari mara mbili na mara zote mbili yalikuwa vilevile.

Keshokutwa yake tukachemsha. Binti wa Amma alikoroga kwa fimbo, akiinua kitambaa kimoja kimoja. Kilipotoka changu, kasuku alikuwa ameiva vizuri, mdomo mwekundu, maua mekundu. Na pembeni yake, kwenye weupe mtupu, kulikuwa na alama ya wekundu hafifu, imejipinda kama ndizi. Nilikisogeza karibu na uso. Ndani ya ule wekundu kulikuwa na mistari myembamba, myembamba, inayokwenda pamoja. Ilikuwa ngozi ya mkono wangu. Ile nyama ya ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Niliuegemeza pale ukiwa na unyevu wa shabu, sikuona, shabu ikakauka, nikaifua, ikalala kimya siku mbili, na sasa ipo na haitoki milele.

Nililia, na sikulia kwa sababu ya kitambaa peke yake. Amma alikiangalia muda mrefu. Alichosema binti yake alikitafsiri hivi: "Mama anasema kimekuonyesha mkono wako ulipolala." Hakunipa pole, hakunigombeza. Nikauliza kama naweza kukiacha nianze kingine. Akasema hapana, nikimalize, kwa sababu bado sijajifunza njano na bluu, na ni afadhali nijifunzie kwenye hiki.

Kwa hiyo nikakimaliza. Kikaloweka tena kwenye kinyesi, kikaanikwa kwenye nyasi mpaka weupe ukarudi, kikarudi tena kwenye maziwa. Njano ilitoka kwenye maganda ya komamanga yaliyochemshwa na shabu. Bluu ni nili, bluu ya kaniki za bibi yangu ambazo enzi hizo zilitoka Bara Hindi hukohuko. Kijani hakina chungu chake. Ni njano na bluu zimekutana. Kila baada ya rangi, mfereji. Kila baada ya mfereji, jua. Watu huhesabu hatua 17, wengine 23. Mimi niliacha kuhesabu, nikawa nahesabu siku.

Nilimuuliza Amma mbona rangi za miungu hazibadiliki, mbona Rama na Krishna ni wa bluu, Hanuman kijani, wanawake njano, majitu nyekundu. Akasema msomaji asiyejua herufi anasoma kwa rangi. Akisha kuona bluu anajua ni nani kabla hajaona upinde.

Baba mkwe wake Amma alipita katika kituo cha mafunzo kilichoanzishwa pale Srikalahasti mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati ule kazi hii ilikuwa karibu kufa, wamebaki wazee wachache. Aliyepigania kituo hicho ni Kamaladevi Chattopadhyay, mwanamke aliyepigania uhuru wa India na baadaye akasimamia kazi za mikono za taifa zima. Amma alilitaja jina lake kama mtu anavyolitaja jina la ndugu. Kituoni humo alifundisha mzee Jonnalagadda Lakshmaiah, na mwanawe, Jonnalagadda Gurappa Chetty, alikuja kutunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2008. Nafikiri mara nyingi jinsi ilivyokuwa karibu. Wazee wachache wangekufa na chungu cha kasimi kingekauka, na leo tungekuwa na skrini tu, na sisi tungesema hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Niliporudi nyumbani nilisoma zaidi. Kumbe vitambaa vya rangi vya pwani ile viliwahi kutikisa Ulaya. Vilikuwa vinafuliwa na rangi haitoki, jambo ambalo wapaka rangi wa kule hawakuliweza kwenye pamba. Ufaransa ikavipiga marufuku mwaka 1686 kulinda wafumaji wake, Uingereza ikafuata mwaka 1700 na tena 1721. Na mwaka 1742 padri Mjesuti Mfaransa, Gaston-Laurent Coeurdoux, aliandika barua kutoka India akieleza hatua za kazi hii moja moja, alizoelezwa na mafundi aliowabatiza. Nilipofika kwenye maziwa ya nyati na lile tunda lenye ukakasi niliweka simu chini. Miaka karibu 280 imepita, nami ndoo ile ile nimeishika. Lakini moyoni sikumfurahia sana padri yule. Wale mafundi majina yao hayamo.

Mama nilimletea kitambaa cha kasuku. Nilikuwa nimenunua na kingine kwa Amma, kikubwa, cha mti na ndege, kwa bei ambayo sikuipunguza na safari hii nilijua kwa nini. Mama alikishika kile kikubwa, akakisifu, akakiweka. Kile kidogo akakipeleka puani. "Kinanuka maziwa." Kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja pale pembeni. "Na hii?" Nikamwambia ni mkono wangu. Hakuuliza zaidi. Kile cha tausi aliniambia nimpe mfanyakazi wa usafi, na yeye mama akajitandia kila siku kile cha kasuku mpaka tulipopanda ndege.

Mama anaendelea vizuri sasa. Nasema hivyo kwa kuwa watu huniuliza.

Batiki sijaacha na sitaacha. Nta na mimi tumeshazoeana. Lakini kuna mambo nimebadilisha. Natumia maji mengi zaidi kusuuza, na nasuuza mara tatu kwenye maji mapya badala ya beseni moja la rangi tatu. Mteja akiniuliza kama kitambaa ni cha mkono au cha muhuri namwambia ukweli hata kama ninapoteza hela, na nimezipoteza. Wengi wananiambia mtandaoni wanapata "kalamkari" kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa hao nina maombi: kitandike chote, tafuta picha inayojirudia, angalia kama inajirudia na kosa lake. Geuza nyuma, uone kama wino umezama au umelala juu. Angalia mstari mmoja mrefu kama unanenepa na kukonda, maana sufu ikipungua wino mstari hukonda na mchoraji akichovya tena hunenepa. Nusa. Ukisha kujua ni cha skrini, kinunue kama umekipenda, ila usikilipie kama kalamu.

Karakkaya niliyobeba, kilo mbili, iliisha mwaka uliofuata. Nilisumbuka kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba tunda lile ni la ukoo mmoja na mkungu, huu huu mkungu wa kivuli uliopo kila kona ya pwani yetu, ambao makungu yake tuliyatafuna utotoni mpaka ulimi ukakakamaa. Uani kwetu upo mmoja. Chungu cha kasimi ninacho pia, misumari ya fundi seremala wa jirani na sukari guru ya sokoni. Wanangu wanakiita "supu ya kutu" na hawakisogelei.

Jumapili iliyopita nilichemsha majani na maganda ya makungu, nikachuja, nikachanganya na maziwa ya ng'ombe kwa kuwa nyati hatuna, nikaloweka kipande cha marekani, nikaanika. Jioni nilikaa barazani na kalamu yangu ya Srikalahasti, ncha imechongwa upya mara kadhaa na sasa imefupika. Mama alivuta kiti. Nikachovya, nikabinya, nikavuta mstari mmoja. Ulipita wa kahawia. Tukainama wote wawili. Ukawa wa kijivu, ukakolea kidogo, ukasimama hapo, kijivu cha mawingu ya masika, haukufika kwenye mweusi.

"Haujaiva," mama alisema. Akainuka, akachukua ungo, akaenda chini ya mkungu kuokota makungu mengine.